Mayai ya Mawingu

Paukwa!

Pakawa!

Wale wa pale nyuma hamkuitika. Mmejifunika blanketi mpaka masikioni, mnadhani siwaoni. Haya, tena, na watu wazima nao waitike. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana na milima ikiwasikiliza, juu ya mlima mmoja wenye baridi kali palikaa ukoo wa pimbi. Pimbi mnamjua? Ni mdogo kama sungura, mnene, hana mkia, na nyayo zake laini zinanata kwenye mwamba. Tena baridi haiwezi. Pimbi na baridi ni kama sukari na mvua.

Mtaniuliza, kama haiwezi, mlimani anafanya nini? Kawaulizeni wenyewe. Mimi nawasimulia yao tu, sikuwatuma wakakae huko.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Jua likianza kushuka, wote waliingia katika pango dogo chini ya jabali, wakalaliana. Huyu juu ya huyu, yule ubavuni mwa yule, mpaka wakawa rundo moja la manyoya linalopumua. Katikati ya rundo ndipo palipokuwa na joto kuliko pote. Mahali pale walipaita kitovu. Kitovu kilikuwa na raha yake, jamani. Mlangoni upepo unapiga fiuu, fiuu, na wewe kitovuni unatoka jasho.

Kitovu kilikuwa haki ya mtoto mdogo wa nyumba. Lakini mgeni akija, kitovu ni chake kwa siku mbili. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pimbi hawana jembe, basi siku ya tatu walimpa mgeni nafasi ya pembeni kama wenziwe. Na mwenye kosa? Mwenye kosa alilala mlangoni siku saba, upepo umfundishe.

Mtoto mdogo wa nyumba ile aliitwa Masizi. Alikuwa pimbi wa kike, manyoya meusi, mdomo mwepesi, masihara tele. Kitovu chake alikipenda kuliko majani machanga.

Basi kikaingia kipupwe. Wakaja wageni wawili kutoka majabali ya bondeni, watoto wa shangazi yake Masizi. Mkubwa alikuwa Pepeta, binti wa maneno. Mdogo alikuwa Njugu, na kweli alikuwa kama njugu, kadogo, kekundu, ka duara. Shangazi alikuwa mja mzito wa siku za mwisho, akawatuma wanawe kwa bibi yao mpaka ajifungue. Bibi Kitojo alipowaona alifurahi hadi masharubu yakatetemeka. Akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Masizi akanung'unika kwamba apone nini, yeye hakuwa anaumwa.

Siku ya kwanza Njugu, mdogo wa wageni, akalala kitovuni. Masizi pembeni. Siku ya pili Njugu akalala kitovuni. Masizi pembeni, mgongo wazi, anahesabu. Kesho, akajiambia, kesho kitovu kinarudi kwangu.

Mchana hawakuwa na ugomvi. Binamu ni watani, mnajua wenyewe. Masizi alimwambia Pepeta kwamba watu wa bondeni wana masikio mazito kwa sababu jua limeyapika. Pepeta akamjibu kwamba watu wa mlimani wananuka ukungu hata wakioga. Walicheka mpaka wakaanguka. Lakini Njugu hakujua utani. Lo, mtoto yule aliamini kila neno. Ungemwambia mwezi ni ugali, angekuuliza mboga iko wapi.

Siku ya tatu, alasiri, mbingu ikafanya weusi. Kukawa kimya. Kisha pa! Pa, pa! Papapapa! Mvua ya mawe. Pimbi wote mbio pangoni, macho nje. Papapapa, kisha pa, kisha pa moja ya mwisho, kisha ikakatika. Mlima mzima mweupe.

Pepeta alitia mguu mmoja nje, akaurudisha, akaenda kuuficha chini ya tumbo la bibi. Njugu alitoka. Kwao hakuna mvua ya namna hiyo. Aliyanusa yale mawe meupe, moja, jingine, jingine. Masizi alikuwa nyuma yake.

"Binamu, hivi vyeupe ni nini?"

Masizi alikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lakini jibu la uongo lilikuwa tamu zaidi.

"Mayai," akasema. "Ya ndege wa mawingu. Wakipita juu wanayaangusha."

"Mbona ya baridi?"

"Kwa sababu mama yao hayupo. Akipatikana wa kuyaatamia mpaka yapate joto, ndege watatoka. Na wanaimba hao, hakuna ndege anayewafikia."

Njugu akafikiri sana, mpaka pua ikakunjamana. Akauliza kama ndege hao wanakubali kwenda bondeni, kumwimbia mtoto mchanga. Masizi akamwambia wanakubali, tena bonde wanalipenda mno. Njugu akaondoka kwa vishindo vidogo, kachu, kachu, juu ya ule weupe. Masizi akaenda kutafuna majani upande wa pili wa jabali, anacheka peke yake. Alipanga kumsimulia Pepeta jioni. Kisha akaanza kuwaza kitovu, na Njugu akamtoka kichwani.

Ukungu wa mlimani hautumi salamu. Sasa unaona jiwe, sasa huoni hata pua yako. Baba yake Masizi, aliyekuwa mlinzi juu ya jabali, akapiga mbinja, fiiii! Maana yake wote ndani, haraka. Katika ukungu chui anakuona kabla hujamwona, na baridi inakukuta kabla hujaikimbia. Ilikuwa sheria, ukungu ukishuka hatoki mtu.

Pangoni Bibi Kitojo akawahesabu kwa kugusa pua. Pua, pua, pua. Akarudia. Pua moja haikuwepo.

Pepeta akauliza Njugu yuko wapi. Huyu alidhani yuko na yule, yule alidhani yuko na huyu. Pepeta akaanza kulia. Alisema mama yake alimkabidhi mdogo wake, alimwambia usimwache, na yeye alimwacha kwa ajili ya mguu wa baridi.

Masizi alikuwa karibu na mlango. Alikuwa ameshatandika nyasi zake kavu pale katikati, tayari kwa kulala. Na masikio yake, ambayo hayakupikwa na jua, yakasikia sauti ndogo, mbali, ndani ya ukungu:

*Mayai ya mawingu, pata joto, pata joto,*
*ndege toka, ndege toka,*
*nyumbani kuna mtoto,*
*mtoto hana wimbo.*

Wengine walisikia upepo. Masizi alisikia wimbo. Akatazama nyasi zake. Akikiri, ni mlangoni siku saba. Siku saba katika kipupwe! Labda atarudi mwenyewe, akajiambia. Hapotei yule, ni hapo tu.

*Mayai ya mawingu, pata joto...*
*ndege toka...*

Wimbo umepungua.

*Mayai...*

Kisha kimya.

Jamani, kuna kimya kinachouma kuliko kelele. Masizi akauacha mlango, akamwendea bibi.

"Bibi, ni mimi," akasema. "Nilimwambia mawe ya mvua ni mayai. Anayaatamia."

Pango zima likamgeukia. Bibi Kitojo hakumkaripia. Alimwambia maneno ya kumkaripia yapo, hayaozi, yatangoja. Akamuuliza kama anaijua njia. Masizi akasema anaijua kwa nyayo hata akifumba macho.

"Basi tangulia."

Siku ile sheria ilivunjwa na bibi mwenyewe. Wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja amegusa mgongo wa aliye mbele yake, Masizi mbele ya wote. Kachu, kachu, kachu. Baba akapiga mbinja, fiiii. Hakuna jibu. Kachu, kachu. Fiiii. Hakuna jibu. Masizi akahisi mwamba unateremka, akajua ni lile bonyeo ambamo mawe ya mvua hujikusanya. Akaingia. Pua yake ikagonga kitu laini, cha baridi.

Njugu alikuwa amejikunja juu ya lundo la mawe meupe, amelifunika lote kwa tumbo lake dogo. Macho ameyafumba. Aliitwa, hakuitika.

Masizi alitaka wambebe wakimbie naye nyumbani. Bibi akakataa. Pango liko mbali na mtoto amebakiwa na pumzi ndogo, atafika amekwisha. "Kama yeye hawezi kwenda nyumbani, nyumba ije kwake," akasema.

Wakamsogeza kutoka kwenye barafu, wakamweka juu ya mwamba mtupu. Pepeta akamlalia. Bibi akamlalia. Huyu juu ya huyu, yule ubavuni mwa yule, rundo zima palepale katika ukungu, na Njugu kitovuni. Ulibaki upande mmoja, upande unakotoka upepo. Hakuna aliyemtuma Masizi. Alikwenda mwenyewe, akaupa upepo mgongo wake. Fiuu, fiuu. Ulimtafuna mpaka kwenye mifupa, na yeye hakusogea.

Wakangoja. Wakangoja. Ukungu ukaanza kuchanika. Ndipo kutoka katikati ya rundo kikatoka kisauti kimekasirika.

"Nani anayaatamia mayai yangu?"

Kilio na kicheko vilitoka pamoja. Pepeta alimlamba uso mdogo wake mpaka mtoto akalalamika. Bibi Kitojo akasema swali hilo lina mwenyewe, ajibu.

Masizi akasogea mbele. "Si mayai, binamu. Ni maji yaliyoganda. Nilikudanganya."

"Na ndege?"

"Hakuna ndege."

Njugu akalia. Baridi haikumliza, giza la ukungu halikumliza, ila ndege yule asiyekuwepo alimliza. Masizi alikisikia kilio kile, akaona heri ule upepo.

Pepeta akamwambia, kwa sauti ya chini, "Ungenitania mimi. Mimi ningekurudishia."

Walifika pangoni jua likiwa linagusa kilima. Ilikuwa siku ya tatu, kumbukeni. Nyasi za Masizi zilikuwa katikati, zinangoja. Masizi akazichukua, akamtandikia Njugu, akaenda mlangoni. Alilala hapo bila kuambiwa, amejikunja, meno yanagongana, ka-ka-ka-ka.

Rundo likatulia. Kisha likaanza kutikisika. Mtu aliguna huku, mtu akasema aa nani ananikanyaga. Njugu alikuwa ametoka kitovuni. Alipita juu ya mgongo wa baba, juu ya kichwa cha Pepeta, juu ya masharubu ya bibi, mpaka mlangoni. Akapanda juu ya Masizi, akakaa, akajipanga vizuri, kama vile alivyokaa juu ya mawe yake.

Bibi Kitojo akamuuliza anafanya nini.

"Huyu naye ni wa baridi," Njugu akasema. "Namwatamia. Akipata joto, labda ataimba."

Haya, niambieni, mngefanyaje? Mtoto aliyetoka kufufuliwa hawezi kuachwa kwenye upepo. Kwa hiyo bibi akasogea mlangoni. Pepeta akasogea, akinuna kidogo, lakini akasogea. Baba naye. Rundo zima likahama, huyu juu ya huyu, yule ubavuni mwa yule, na kitovu siku ile kikawa mlangoni. Upepo ulipiga fiuu, ukakuta migongo tu. Na chini kabisa, Masizi akapata joto. Machozi yakamtoka. Akaimba polepole, kwa sababu ndivyo alivyoombwa:

*Nyumbani kuna mtoto, mtoto hana wimbo.*

Bibi Kitojo akacheka gizani. Akasema aliwaambia tangu mwanzo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii Masizi hakunung'unika. Ila adhabu haikufutwa, msidhani. Siku saba alilala mlangoni, na siku saba Njugu alikuja kumwatamia, na siku saba wazee walilalamika migongo.

Kipupwe kikaisha. Habari ikaja kwamba shangazi amejifungua salama. Masizi akaomba awasindikize binamu zake mpaka bondeni. Akafika, akamwimbia mtoto mchanga wimbo wote, na mtoto akanyamaza akamtazama. Ndege hakupatikana, mwimbaji akapatikana.

Mchana wake jua la bondeni lilipokuwa utosini, Masizi aliona jiwe moja jeusi, laini, zuri la kukalia. Akainua mguu. Njugu alikuwa nyuma yake. Sasa mgeni ni nani? Njugu angeweza kunyamaza, nyayo zikaungua, akacheka. Alimshika binamu yake akamwambia, "Hilo usikanyage mchana huu, linaunguza. Njoo huku kivulini."

Ndiyo maana wahenga wa pimbi wakatuachia neno. Utani ni wa wawili. Akicheka mmoja peke yake, huo si utani, ni uonevu. Na mgeni asiyejua, mwenyeji ndiye macho yake. Usimpe macho ya uongo.

Hadithi yangu nimeiacha hapo, juu ya mwamba wa bondeni, kivulini, na mtoto mchanga amelala. Nanyi wa nyuma, sogeeni karibu, kitovuni nafasi ipo na blanketi linatosha.