Leso za Bibi Mwanakuu

Samaki huoza, embe huoza, na hata boriti za nyumba za mawe hapa Mji wa Kale huoza zikinyeshewa miaka mingi. Wahenga waliyaona hayo yote, kisha wakasema wema hauozi. Maana yao ni kwamba jema analotendewa mtu leo halipotei. Hukaa mahali likingoja siku ya haja. Bibi Mwanakuu aliijua methali hii tangu utotoni. Kuiamini ndiko kulikomshinda.

Mjukuu wake, Nabiha, alikuwa muuguzi. Kila Jumamosi alikwenda kujitolea katika kijiji kimoja cha Kaloleni, ambako gari la wagonjwa halifiki kwa ubovu wa njia. Huko aliwafunza watu huduma ya kwanza: namna ya kuzuia damu, ya kumlaza aliyezimia, na ya kutengeneza machela kwa miti miwili na leso.

"Mcheza kwao hutuzwa," Bibi alimwambia asubuhi moja akimimina chai. "Wewe kila siku unakwenda kucheza kwa watu."

"Bibi, niazime leso. Zetu zimechanika kwa kumbeba Fondo. Mnene kama gunia la mchele, na kila somo ataka yeye ndiye awe mgonjwa."

"Leso zangu si za kubebea akina Fondo." Leso hizo alizitunza kama mboni ya jicho, ndani ya sanduku lenye harufu ya udi. "Na hii iwe Jumamosi ya mwisho. Mimi nikianguka humu ndani, nani ataniinua?"

Nabiha akamaliza chai yake. Bibi yake akishakata neno, halikuunganika tena. Akambusu mkono, akaenda zake na moyo mzito.

Kabla ya adhana ya adhuhuri, Bibi alikuwa akishuka ngazi zilizosimama wima kama ukuta. Mguu ukateleza. Jirani yake, Mejumaa, alisikia kishindo, akaja mbio na kumkuta sakafuni, uso umempauka na mguu wa kulia umepinda nje.

Nyumba ikajaa majirani. Huyu alitaka akalishwe, yule alitaka anyweshwe maji ya sukari. Mejumaa akaagiza aitwe Bi Aida mkandaji, kwani mtaani pale mguu uliotenguka ulipakwa mafuta ya ufuta ukavutwa, na wengi waliapa kuwa walipona. Zakariya, mwanawe Mejumaa, akapiga simu hospitalini. Akaambiwa gari lingesubiri barabara kuu, maana kichochoro chao hata tuktuk haikipiti.

"Basi tulete jeneza la msikitini," Zakariya alisema. "Ndilo la kubebea lililo karibu."

Bibi akafumbua macho. "Zakariya, mimi sijafa bado. Ukinilaza humo nitakukimbiza kwa mguu huu huu."

Watu wakacheka, lakini yeye alikuwa akitetemeka. Bi Aida aliwasili na chupa yake ya mafuta, akapiga magoti na kukunja mikono ya buibui. Hapo ndipo Sidi, msichana anayeshona nguo katika duka la Ndia Kuu, alipoingia, futikamba ingali shingoni.

"Samahani, mama, usiuvute," alisema. "Huenda umevunjika karibu na nyonga. Ukivutwa, mfupa utazidi kuumiza ndani."

"Fundi wa cherehani wewe, umeyajulia wapi ya mifupa?" Bi Aida aliuliza.

"Nilifunzwa kwetu."

Bi Aida akamgeukia Bibi. "Mwenye mguu na aseme."

Bibi alikuwa amekandwa na Bi Aida maisha yake yote. Akaitazama chupa, kisha akamtazama msichana. "Kwenu ni wapi?"

"Kaloleni, bibi."

"Na nani aliyekufunza?"

"Nabiha. Mjukuu wako."

Bibi akafumba macho. Wote walidhani amezimia. "Basi fanya alivyokufunza," alisema.

Sidi aliweka mto katikati ya miguu, akaifunga pamoja polepole bila kuvuta. Akakataza maji na chakula, kwani huenda daktari angetaka kupasua. Zakariya akaleta mianzi miwili iliyokuwa ikishikilia turubai la duka la jirani.

"Sasa leso," Sidi alisema. "Ziwe imara, zisizochakaa."

Watu wakatazamana. Kila mtu mtaani alilijua sanduku lile.

"Ufunguo uko kitandani, chini ya mto wangu," alisema Bibi.

Wakazifunga leso kwenye mianzi, moja juu ya nyingine, wakambeba kichochoroni kama yai. Ncha moja ya mwanzi ilikuwa mkononi mwa Bi Aida, aliyeiacha chupa yake kizingitini.

Jioni, Nabiha alimkuta bibi yake kitandani hospitalini. Daktari alikuwa amesema mfupa ungeungwa na Bibi angetembea tena. Lau mguu ungevutwa, mambo yangekuwa mengine.

"Bibi," Nabiha alianza, "kuhusu Jumamosi ya mwisho..."

"Ya mwisho ipi? Jumamosi ijayo utakwenda, na leso zangu uzichukue zote."

"Za sandukuni? Za kumbebea Fondo?"

"Zimenibeba mimi, zitashindwa naye?" Bibi akamshika mkono. "Nilikuuliza nani ataniinua. Kumbe ulikuwa ukinifunzia watu wa kuniinua. Kweli walinena wahenga, mjukuu wangu: wema hauozi."