Bustani Iliyovishwa Asumini

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zetu bali ya juzijuzi tu, katika mtaa wa Kwemkole palikuwa na shimo. Wafyatua matofali walilichimba wakaliacha, na watu wakaligeuza jaa. Pembeni mwa shimo hilo alikaa Chausiku binti Mrisho, mjane asiye na mtoto. Wanawake wenziwe waliitwa Mama Fulani na Mama Fulani. Yeye aliitwa Chausiku, basi.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Sikudhani binti Kombo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Jumbe. Huyu alikuwa na watoto saba, na uani kwake alikuwa na miasumini na miwaridi katika madebe. Maharusi wote wa mji ule walinunua maua kwake. Kila jioni harufu ya asumini zile ilivuka ukuta. Chausiku aliinusa, akaona uchungu.

Siku moja Chausiku akashika jembe na karai, akaingia shimoni. Akazoa taka, akafukia. Akazoa, akafukia. Majirani walimcheka, na Mama Jumbe alimtania kwamba sasa ameolewa na jaa. Chausiku akazoa, akafukia. Mwaka ule ukaisha, na wa pili ukaisha. Shimo likawa udongo mweusi, na udongo ukatoa mchicha, bamia na mipapai. Watu wakaanza kuelekezana njia: ukifika bustani ya Chausiku, kata kulia. Aliposikia hivyo mara ya kwanza, alikaa kizingitini kwake. Kumbe kulikuwa na kitu kilichobeba jina lake.

Mtaani alikuwapo pia Mzee Hilarion Mhando, karani mstaafu wa stesheni. Alisikia kwamba uko mfuko unaotoa ruzuku ndogondogo kwa mitaa inayopanda miti na bustani: bomba la maji, uzio na kibao. Akaandika maombi, yakakataliwa. Akaandika tena, yakakataliwa. Akaandika mara ya tatu, akayapeleka mwenyewe kwa nauli yake, yakakubaliwa kwa sharti kwamba wageni kutoka mfuko huo waje kwanza waione bustani kwa macho. Tangu mwanzo alikuwa amemweleza Chausiku habari hizo, na Chausiku alicheka, akasema karatasi haioti. Neno hilo lilimchoma Mzee Mhando. Siku ya wageni alipoijua, alinyamaza nayo.

Wakati huo kaka yake Chausiku akafariki huko Handeni, naye akajifunga kwenda matangani. Mama Jumbe alimjia mlangoni, akampa pole, akasema atamnyweshea bustani mpaka arudi. Chausiku akamtazama. Akawaona moyoni mwake watu wakipita na kusema, tazameni Mama Jumbe anavyoitunza ile bustani. Akamshukuru, akafunga lango la wigo wake wa miti kwa kufuli, akaondoka na ufunguo ndani ya pindo la kanga.

Matanga yakavuta siku. Jua likawaka. Yaliyofuata Chausiku alisimuliwa tu: kwamba mchicha ulikaukia pale uliposimama, kwamba wageni walipobakiza siku moja, Mzee Mhando alikwenda kwa Mama Jumbe mikono kichwani, kwamba Mama Jumbe alivunja kufuli, akatoa madebe yote ya uani kwake, akayapasua, akaipanda miasumini na miwaridi yake bustanini. Wageni wakaja, wakanusa, wakatabasamu. Ruzuku ikapita. Walitoa neno moja tu: kitu cha wote hakina mchungaji, kwa hiyo kibao kibebe jina la mtu mmoja, na huyo ndiye atakayeshika bomba na bustani.

Chausiku aliporudi majuma kadhaa baadaye, alikuta lango wazi. Ile harufu iliyokuwa ikivuka ukuta sasa ilitoka ardhini kwake. Kwa wivu akaenda moja kwa moja kumwita mwenyekiti.

Yeye, Mama Jumbe na Mzee Mhando wakakutana palepale bustanini, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, Bwana Athumani Kilua.

"Mwenyekiti," Chausiku alisema, "hawa wamekuta udongo. Udongo huu nimeufanya kwa mikono hii. Na huyu amevunja kufuli la mtu aliyekwenda kuzika."

"Shoga," Mama Jumbe akasema, "wageni wangekuta mabua. Mimi nilikuvisha. Harusini tunaazimana mikeka, tunaazimana masinia, tunaazimana hata dhahabu, na hakuna anayemwita bibi harusi mwongo. Msimu huu sina hata ua moja la kuuza. Ningekuwa na kijicho ningekaa kwangu nikatazama."

"Hukuja kunivisha. Ulikuja kuonekana."

Mama Jumbe akaikaza kanga yake kiunoni. "Na kuonekana pia," akasema. "Kwani wewe ulifungia nini lango, nilipotaka kunywesha?"

Chausiku akaugusa ufunguo pindoni mwa kanga.

Mzee Mhando akakohoa. Akasema wageni hawakuja kwa kunusa njia. Waliitwa, na aliyewaita ni yeye, wala hakuna mtu wa Kwemkole aliyemwuliza siku ile ya kupeleka maombi alikula nini njiani. Bwana Kilua akamwuliza kwa nini basi hakumwambia Chausiku siku ya wageni. Mzee akatazama viatu vyake.

"Alinicheka," alisema.

Ndipo Chausiku akamgeukia jirani yake. "Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mama Jumbe, chukua maua yako."

Mama Jumbe akainama, akashika shina la mwasumini, akavuta. Halikuja. Akavuta tena. Mizizi ilikwisha kushuka katika ule udongo mweusi.

"Nikiung'oa utakufa," alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Chausiku alijikuta ameushika mkono wa mwenzake, wala hakujua kama alikuwa anamzuia au anamsukuma.

Basi fundi rangi amekwisha kuandika BUSTANI YA, na brashi iko mkononi. Wageni wanarudi Ijumaa. Wakikuta kibao hakina jina, bomba litakwenda mtaa mwingine. Chausiku anakitazama kibao hapepesi macho. Yeye aliufanya udongo, kisha akaunyima maji kwa wivu. Mama Jumbe alitoa maua yake yote, lakini alitaka yaonwe, na alivunja kufuli la mwenye msiba. Mzee Mhando alileta wageni, akaificha siku yao. Bwana Kilua amejikuna kichwa, ameshindwa.

Enyi mliokaa kunisikiliza, fundi anawangoja ninyi. Je, aandike jina la nani?