Vyungu Mbele ya Ghala

Choroko zote kijani, chungu ndicho kijuacho. Bi Kabula aliitamka methali hiyo huku akipepeta, na vijana waliokuja kumsaidia mavuno wakaidaka. Walitaka kujua maana yake na nani aliyeisema kwanza. Bi Kabula hakuuweka chini ungo wake. Methali hii, akawaambia, ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Usukumani, kule kwenye mbuga za udongo mweusi, alikuwako mwanamke aliyeitwa Nyanzobe, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa choroko. Uenyekiti hakuuomba. Alitwishwa kwa sababu alijua kusema, na tangu siku hiyo hakunyamaza tena, maana hakuna aliyemsikiliza.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Mnunuzi wao, Bwana Mshana, alipeleka choroko ng'ambo, na huko walitaka mbegu moja tu, ile mpya aliyowaletea mwenyewe, inayoiva upesi na kwa pamoja. Choroko za kienyeji zilikuwa tamu, lakini hazikosi zile ngumu kama mawe, ambazo hazilainiki hata uchochee kuni kutwa nzima. Mkononi mbegu hizo mbili zilifanana kama mapacha. Msimu uliotangulia zilichanganywa, na mzigo wote ukakataliwa huko ulikokwenda. Mshana aliwaambia kwa upole kwamba hasara ile ameibeba, ila ya pili hataibeba. Wakichanganya tena, wasimtafute. Na mnunuzi mwingine wa kufika kule mbugani hakuwapo.

Basi Nyanzobe alisema. Alisema mikutanoni, alisema kisimani, alisema hata msibani baada ya kuzika: mbegu mbili zisipandwe shamba moja, zisianikwe turubai moja, zisipurwe pamoja. Wote waliitikia kwa vichwa kama kuku anywaye maji. Kesho yake alipita akamkuta mtu ameanika zote pamoja, tena anamkaribisha uji. Kila jioni alirudi nyumbani hoi, akamsimulia mama mkwe wake, Bi Milembe, mzee mwenye huruma ambaye mikutanoni hakuwa akienda. Bi Milembe alimpa pole na kumwambia ale kwanza.

Siku ya kupakia, magunia yalipangwa mbele ya ghala, Mshana akaja na lori. Hapo mtu mmoja akamchongea jirani yake Lugwisha, kwamba choroko zake zilianikwa pamoja na za kienyeji. Lugwisha hakukana wala hakukubali. Alichota konzi katika gunia lake, akachota nyingine katika gunia la jirani, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mwenyekiti, nionyeshe tofauti," alisema. "Choroko zote kijani."

Baadhi wakacheka, wengine wakaanza kutajana majina, huyu akimsema yule. Mshana akamwambia dereva awashe gari waondoke.

Maneno yote Nyanzobe alikuwa amekwisha kuyasema msimu mzima. Mengine hakuwa nayo. Akaomba vyungu, maji na kuni, akaamuru kila mwenye mzigo achote konzi kutoka katika kila gunia lake azipike pale pale, mbele ya watu.

"Mimi nimechoka kuuliza," alisema. "Chungu kijibu."

Mafiga yakapangwa, moto ukawashwa, na dereva akazima gari. Vyungu vilipoepuliwa, karibu vyote vilikuwa na choroko laini, zilizopasuka sawasawa. Cha Lugwisha kilitoa rojo lenye mawe ndani. Nyanzobe alikuwa amekwisha kumgeukia, ulimi tayari, Mshana alipomwita kwa sauti ya chini. Mkononi alishika mwiko uliotoka katika chungu cha Nyanzobe mwenyewe. Alipoutikisa, choroko zikagonga kama changarawe.

Nyanzobe alisema haiwezekani. Alisema alizipura mwenyewe, akazipeta mwenyewe, akazifunga mwenyewe. Alikuwa akidai zipikwe upya, Bi Milembe alipopenya katikati ya watu, upindo wa khanga mdomoni.

"Mwanangu, magunia yako yalikuwa hayajajaa vizuri," alisema. "Nilikuona unavyohangaika. Nikakujazia kutoka kihenge changu."

"Mama, si nilikuwa nakueleza kila siku?"

"Ulikuwa unanieleza habari za akina Lugwisha."

Nyanzobe akaanza kuyaburuta magunia yake kuyatoa kwenye safu, moja baada ya jingine. Lugwisha alikuja kumshikia. Nyanzobe alipomkataza, akaenda kuondoa ya kwake bila kuambiwa. Mshana akapakia yaliyobaki.

Msimu ule nyumba ya Nyanzobe ilikula choroko mpaka watoto wakazichukia. Kwa muda mrefu hakuzungumza na mama mkwe wake zaidi ya kumwamkia. Haikuwa chuki. Kila alipofungua mdomo alimkumbuka yule mzee akimsikiliza jioni zote zile, na yeye Nyanzobe hata mara moja hakumwambia kwamba kihenge cha mzee nacho kilikuwa na mbegu ya kienyeji. Mwishowe Bi Milembe ndiye aliyevunja ukimya. Alimwambia kwamba mkutano ujao na yeye atakwenda.

Mzigo ule ulipokelewa vizuri huko ng'ambo, na mvua zilipokaribia Mshana akaleta mbegu tena. Kwenye mkutano wa kuigawa, bwana mmoja aliinuka akaapa kwamba yeye hahitaji, mbegu aliyojiwekea nyumbani ni ile ile safi, na anayetilia shaka aje aitazame kwa macho yake. Nyanzobe alishusha pumzi, akajikusanya kuanza upya yale yale. Bi Milembe akamshika mkono, akamtangulia kusema, naye wala hakuinuka alipoketi:

"Baba, choroko zote kijani, chungu ndicho kijuacho."