Mshale Uliolala na Jogoo wa Kuchi

Najua hamtaniamini. Mwenye ubavu wa kunibishia anibishe sasa, maana nikianza sisimami. Mayai yaliokolewa na watu watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeyagusa. Cheka tu, wewe wa huko nyuma. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini nilichokiona nilikiona.

Katika mtaa mmoja wa Singida walikuwapo Shila, Msengi na Ntandu. Shila alikuwa na macho; sindano ikipotea mchangani, yeye ndiye anayeitwa. Msengi alikuwa na kichwa. Aliandika programu za kompyuta. Ntandu alikuwa na mkono usiochoka, na mdomo uliouzidi mkono.

Bi Siwema alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, na ndani yake mayai mia tisa ya akina mama wa mtaa. Msengi alimtengenezea programu ya kuonyesha joto. Hakutaka saa ya joto ya kuazima. Aliichora yake mwenyewe kwenye skrini, duara la kijani na mshale mwekundu. Ntandu ndiye aliyekaa zamu mbele yake.

Siku ya kumi na tisa kati ya ishirini na moja, asubuhi, Bi Siwema aligusa ubavu wa mashine akaondoa kiganja upesi. Moto. Mshale ulisema thelathini na saba na nusu, palepale panapotakiwa. Mlango haufunguliwi siku tatu za mwisho. Hewa kavu ikiingia, kifaranga hunasa ndani ya ganda. Na akipunguza joto kwa kubahatisha, huenda akawaua kwa baridi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ntandu mwanangu, nifanyeje?"

Ntandu, bingwa wa kila kitu, akafungua kikokotoo kwenye skrini, akaanza kujumlisha namba. Bi Siwema akasema atakayemwokolea mayai atampa jogoo wake wa kuchi, ile mbegu ndefu ya kupigana. Jogoo mmoja, na hagawanyiki akiwa hai.

Shila alikuja kuulizia mayai ya mama yake. Akaona dirisha la kikokotoo cha Ntandu likipita juu ya ile saa kwenye skrini, na lilipoondoka, mshale ukaruka.

"Funika tena," akasema. "Sasa funua." Thelathini na tisa. "Haujafa huo. Haujichori upya mpaka ufunikwe."

Ntandu akashika kipanya. Tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri: funika, funua, taja namba, Bi Siwema azungushe kitufe cha joto. Vidole vilikakamaa. Haja ilimbana, asithubutu kuinuka. Aliutazama mshale ukishuka kwa uvivu wake, naye hana la kuuharakisha.

Msengi alifika alasiri akitokea Manyoni. Akasoma maandishi ya programu. Namba zilikuwa zikifika muda wote, ila hakuna kilichoiambia saa ijichore. Akaandika mstari mmoja, na mshale ukaanza kutembea wenyewe.

"Nisamehe, mama," akasema. "Mstari huu niliusahau."

Vifaranga mia sita na kumi na wawili walitoka. Mayai yaliyobaki Bi Siwema aliyaweka sikioni moja moja, akasikiliza, akayarudisha.

Bila macho ya Shila, nani angejua? Bila mkono wa Ntandu, Msengi angekuta mayai yameiva. Bila kichwa cha Msengi, mkono gani ungefunika na kufunua siku mbili zaidi? Jogoo bado amefungwa kwenye nguzo, na Bi Siwema anawaangalia wote watatu. Je, wewe ungeamua vipi?

Ngoja, usijibu. Ntandu ni mimi. Na ule mstari Msengi hakuusahau. Wiki moja kabla, mshale ulikuwa unajichora kila mara hadi unapepesa, ukaniumiza macho, nami nikaufuta mstari wake ili nionekane najua. Alipoomba msamaha nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, na mdomo huu wote mnaousikia ulikuwa umefungwa.

Haya, sasa jibu. Jogoo ni wa nani?