Bibi Nyanzala na Mlango wa Mbegu

Paukwa!

— Pakawa!

Sogeeni, wajukuu. Ngano ya leo si ya sungura na fisi, haichekeshi. Niliipata kwa bibi yangu, naye alikuwa akiisimulia huku anapeta, hamtazami mtu usoni.

Zamani sana, watu walipokuwa wakihesabu miaka kwa njaa na mvua, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Kijiji kilikuwa na ghala moja la mbegu. Kila mavuno, kila nyumba ilileta kikapu cha mtama ulio bora, wakamwaga: chwaaa. Kikapu cha mwisho kikishaingia, mlango hawakuutia komeo. Waliukandika udongo mbichi, na kila nyumba ikatoa mtu mmoja, akabandika kiganja chake. Udongo ukakauka. Ukitaka kuingia, uvunje kwanza mikono ya kijiji kizima.

Na mwiko wao ulikuwa huu: mbegu hailiwi. Atakayebomoa mlango kabla ya mvua, mvua ikija hatapanda, mavuno yakija hatagawiwa, wala mtu hatampa hata ukoko. Mmesikia?

— Tumesikia.

Mtunza mlango alikuwa Bibi Nyanzala. Mjane, watoto wake wote wametangulia. Mgongo wake ulikuwa umepinda, lakini ulimi umenyooka.

Basi mwaka mmoja mvua ikakataa. Mwezi wa kwanza watu wakala akiba. Mwezi wa pili wakala mizizi. Mwezi wa tatu wakachemsha ngozi walizokuwa wakilalia. Mbingu nyeupe. Watu kimya.

Asubuhi moja akaja Sikitu, mama kijana, amembeba mwanawe Kabula mgongoni. Kabula alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa halii tena. Mtoto mwenye njaa akilia ana nafuu. Akinyamaza, ogopa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na neno."

"Nimekuja na mtoto. Nipe bakuli moja. Moja tu."

"Siwezi."

"Humo ndani mmejaa mtama, bibi."

"Mmejaa mashamba ya kesho."

Watu wakakusanyika mmojammoja. Nyanzala akawaambia, "Nilipokuwa msichana, mlango huu ulifunguliwa. Kwanza kwa mtoto mgonjwa. Nani angekataa? Kisha kwa mjamzito. Kisha kwa mzee kipofu. Kila bakuli lilikuwa na sababu nzuri. Hakuwapo mwizi, hakuwapo mlafi. Mvua iliponyesha, tulikwenda ghalani tukakuta vumbi. Mashamba yakalowa bure. Tulizika watu arobaini, wengi wao watoto. Ndipo mwiko ukawekwa."

Sikitu akasema, "Hao arobaini siwajui, bibi. Huyu namjua."

Alikuwapo mzee Lutonja, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko. Akasema, "Nyanzala, mwiko uliwekwa ili watoto wasife. Leo mwiko huohuo unaua mtoto, nawe umeukumbatia. Unalinda watoto, au unalinda udongo?"

Watu wakaguna: mmh.

"Swali lako linaniuma tangu alfajiri," akasema Nyanzala.

"Basi tuongeze neno. Mbegu hailiwi, ila na mtoto anayekufa."

"Na mama anayemnyonyesha mdogo wa mtoto huyo?"

"Naye."

"Na mwanamume mwenye nguvu ya kulima iliyobaki?"

"Huyo naye, maana nani atapanda?"

"Na wewe, Lutonja?"

"Mimi unaniona mbavu zangu. Mtu anaweza kuzipiga kama marimba."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha.

"Mmeona?" akasema Nyanzala. "Hata mlangoni hatujaondoka, na ghala limekwisha. Mwiko ukiwa na ila ya kila mtu, hapo hakuna mwiko tena. Ni njaa tu inayozungumza."

Sikitu akafungua kanga, akamlaza mtoto miguuni pa Nyanzala.

"Basi mchukue, bibi. Mumlinde kwa huo mwiko wenu. Mimi sina nguvu ya kumzika."

Nyanzala akamtazama mtoto. Akautazama mlango. Akaingia nyumbani kwake, akatoka na jembe.

Nda. Nda. Nda.

Udongo ukaanguka, viganja vya majirani vipande vipande. Akaingiza mkono, akatoa bakuli moja la mtama, akampa Sikitu. Hakutoa la pili.

"Sikilizeni," akasema. "Mwiko haujabadilika. Hakuna ila. Mimi nimeuvunja, na adhabu yake ni yangu yote. Anayetaka kubomoa kesho, jembe naliacha hapa, naye atapata ninayoyapata. Sasa chotani maji, mkandike."

Lutonja akasema kwa sauti ya chini, "Kwa umri wako huo, dada yangu, hutavuka."

"Nilijua hilo kabla sijashika mpini."

Wakakandika. Jembe likalala pale siku kumi na mbili. Wenye njaa walikuwapo. Wenye wagonjwa walikuwapo. Walikuja, wakalitazama, wakarudi. Mtoto wa mfinyanzi alikufa katika siku hizo. Baba yake alifika mpaka kwenye jembe, akasimama, akarudi. Bibi yangu akifika hapa alikuwa anaacha kupeta.

Siku ya kumi na tatu, po. Po. Popopopo. Mvua. Ghala likafunguliwa, kila nyumba ikapanda. Shamba la Nyanzala likaota magugu tu. Akawa anakula mboga za porini na anachookota mwenyewe, na kila siku akawa anarudi na kidogo kuliko jana.

Mtama ulipokomaa, Sikitu akapika uji wa kwanza, akampelekea. Akamkuta amelala mkekani.

"Kunywa, bibi. Nani ataona?"

"Nitaona mimi. Nawe umeshaona."

"Mwanangu yuko hai kwa ajili yako. Bakuli moja tu, bibi."

"Ukinipa leo, kesho atabomoa mtu akijua kuna wa kumlisha. Na kesho kutwa mwingine. Uliniambia wale arobaini huwajui. Kweli, huwajui. Basi watu kama hao ndio unaowalinda sasa, nami unanijua. Umeuonja uzito wa mwiko?"

Sikitu akakaa pale mpaka uji ukapoa. Kisha akaubeba, akarudi nao kwake, akamnywesha Kabula.

Nyanzala hakuiona sherehe ya mavuno.

Wajukuu zangu, mwiko huwalinda watu usiowajua, na huruma humlinda unayemjua. Siku vikigombana, usidhani utatoka salama. Ukishika mwiko, mtazame usoni anayeumia. Ukiuvunja, uvunje kwa mkono wako na maumivu yawe yako. La kumwambia mfinyanzi mimi silijui, na bibi yangu hakulijua.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayeweza kuisogeza mbele, na aisogeze.