Ulimi Bado Haujaamua

Naileta hadithi!

*Ilete tuione!*

Imeshiba?

*Haijashiba, ina njaa!*

Inatoka wapi?

*Inatoka mbali, ina vumbi miguuni!*

Basi ipeni kigoda ikae. Na wewe uliyekaa karibu na sufuria, rudisha mkono. Hadithi hii inamhusu mlafi, sitaki uone haya katikati.

Hapo kale, lakini si kale sana, wanyama walikuwa na chuo chao bondeni. Chuo kina madarasa, kina bweni, kina foleni ya maji ndefu kuliko masomo. Huko ndiko alikopelekwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kanyama kadogo, mkia hakana, kwao ni majabalini. Jua likichomoza, ukoo mzima hutoka, mama, baba, mashangazi na watoto, wakalala kifudifudi juu ya jabali kuota joto. Hasemi mtu neno mpaka matumbo yapate moto. Sasa huko bondeni hakukuwa na jiwe hata la kusugulia kisigino.

Pimbi akapakumbuka kwao. Alipakumbuka asubuhi akikimbilia darasani na desa la masomo kwapani. Alipakumbuka mchana kwenye foleni ya wali na maharage. Alipakumbuka jioni akifua soksi.

Si kwamba chuo hakikuwa na raha. Kulikuwa na chapati ya moto ya mama lishe wa getini, ile unayoikunja ukaichovya kwenye chai mpaka mafuta yakaelea. Kulikuwa na siku ambazo mwalimu hakutokea, darasa zima likashangilia, oyoo! Lakini raha ikishapita, Pimbi alipanda kitanda chake cha juu, akakaa peke yake, na hamu ya kwao ikapanda naye.

Alichokitamani kuliko vyote ni michembe. Mama yake huchukua viazi vitamu, akavimenya, akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya jabali lile lile wanaloota jua. Vikikauka hulia kama vigae. Siku ya kupika, mama huviloweka, huvichemsha, humimina karanga zilizotwangwa. Nyumba nzima hunukia. Pimbi alikuwa tayari kutoa masikio yake yote mawili apate bakuli moja.

Sasa, kitanda cha chini kilikuwa cha Kiboko.

Kiboko alikaa chuoni hapo muda mrefu hadi wale alioanza nao mwaka wa kwanza wakawa ndio wanaomfundisha. Alijiita Mwenyekiti wa chumba. Hakuna aliyempigia kura, lakini nani wa kumpinga mnyama anayejaza mlango? Kazi ya kikundi ikitolewa, jina lake linaandikwa la kwanza, na mchango wake unaishia hapo kwenye jina. Tena alikuwa na tabia moja mbaya: haamini neno la mdogo. Pimbi akisema nje mvua inanyesha, Kiboko anatoka bila mwavuli. Pimbi akimwambia mtihani umesogezwa asubuhi, Kiboko anacheka, anarudi kulala. Ndiyo maana sapu, ile mitihani ya kurudia, zilimwandama.

Na bweni lile lilikuwa na desturi yake. Kifurushi kutoka nyumbani hufunguliwa mbele ya mkubwa wa chumba, naye huonja kwanza. Ilianza kama heshima tu: mkubwa anachukua punje moja, anawashukuru waliotuma, kisha wote wanakula. Kiboko aliipenda desturi hiyo kuliko masomo yote.

Siku moja Korongo akatua uwanjani. Korongo ndiye mleta vifurushi, anapita nyumba kwa nyumba huko mikoani. Akaita, "Pimbi! Pimbi wa majabalini!" Pimbi akashuka ngazi mbio, akapokea karanga za kukaanga. Akazipeleka chumbani.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kimekuja kifurushi."

"Marahaba, dogo. Lete nionje."

Kacha, kacha, kacha.

"Umeonja, Mwenyekiti?"

"Ulimi bado haujaamua."

Kacha, kacha, kacha.

"Umeonja, Mwenyekiti?"

"Ulimi bado haujaamua."

Ulimi ulipoamua, yalikuwa yamebaki maganda na chumvi. Pimbi akalamba chumvi.

Korongo akaja tena na mikate ya mahindi iliyofungwa majanini. Safari hii Pimbi akaificha ndani ya ndoo, chini ya nguo chafu. Kiboko akainua pua, nfu, nfu, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo.

"Unamficha mkubwa, dogo? Lete nionje."

Kacha, kacha, kacha. Ulimi haujaamua. Kacha, kacha, kacha. Ulimi haujaamua. Pimbi akabaki na majani. Akayanusa. Yalikuwa na moshi wa jiko la mama yake, akalia akiwa amejifunika shuka ili asisikike.

Siku ile akapanga nguo zake kwenye kibegi. Akajiambia, "Kikija kingine nacho nikikikosa, naondoka. Shahada na wakae nayo."

Korongo akaja. Safari hii alikuwa na kigunia, na kigunia kilikuwa kikilia kama vigae.

"Michembe!" Pimbi akaruka.

"Mama yako amesema ndiyo ya mwisho," Korongo akamwambia. "Viazi vimekwisha shambani, mpaka msimu mwingine. Na amesema uiloweke kabla ya kula. Usije ukayafanya ya mjomba wako."

Pimbi akasimama pale pale. Mjomba! Huko majabalini hakuna asiyekijua kisa cha mjomba, aliyekula michembe mikavu kwa pupa kisha akanywa maji. Michembe ikaanza kunywa nayo, huko huko tumboni. Mjomba alikaa amekwama kwenye pango mpaka ukoo ukamsahau kidogo.

Pimbi akakitazama kigunia. Akatazama dirisha la chumba chao. Kisha akaenda bombani, akapanga foleni, akajaza ndoo mpaka juu, akaifunika kwa mfuniko. Akaingia chumbani, akaiweka ndoo karibu kabisa na kitanda cha chini.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kiboko alikuwa amelala chali, maana si mnyama wa kula amekaa.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kimekuja kifurushi."

"Marahaba. Leo umejileta mwenyewe? Umekua, dogo. Lete nionje."

"Onja, Mwenyekiti. Lakini nikwambie ukweli. Michembe mikavu hailiwi ikashushiwa maji. Inavimba."

Kiboko akacheka mpaka kitanda kikalia. "Inavimba! Hebu lete."

Pimbi akamimina nusu kwenye sahani, nusu ikabaki kwenye kigunia mezani.

Kacha, kacha, kacha.

"Umeonja, Mwenyekiti?"

"Ulimi bado haujaamua."

Kacha, kacha, kacha. Michembe mikavu inafyonza mate, na Kiboko ni mnyama wa maji. Koo likamkauka. Akageuza jicho kwenye ndoo.

"Ile ndoo ina nini?"

"Ina maji, Mwenyekiti. Usinywe, nakuomba."

"Kwa nini umeifunika?"

"Ili usinywe."

"Ahaa! Unayaficha mazuri. Unamnyima mkubwa!"

"Mwenyekiti, nakwambia kwa mara ya mwisho. Usinywe."

Kiboko akavuta ndoo. Gu, gu, gu, gu, gu! Akaiweka chini tupu, akacheua, akajilaza. "Maji matamu. Nilijua tu. Sasa leta hicho kilichobaki mezani."

Pimbi akatega sikio. Alikuwa anasikiliza.

Tumbo likasema, bwi.

Likanyamaza.

Likasema tena, bwi, bwi, bwi. Likapanda. Likapita kifua, likapita kidevu, likagusa mbao za kitanda cha juu, ngo! Kitanda cha Pimbi kikainuka kidogo kikatulia. Kiboko akataka kugeuka, hageuki. Akataka kunyoosha mkono, mkono umebanwa ubavuni.

"Dogo! Nimefanywa nini?"

"Hukufanywa kitu, Mwenyekiti. Uliambiwa."

Pimbi akaenda bombani tena. Akaloweka nusu iliyobaki. Michembe ilipolainika akapiga magoti, akavuta kutoka nyuma ya viatu lile jiko la koili ambalo kila chumba kilikuwa nalo na kila chumba kilikana. Akachemsha. Akamimina karanga alizozikuta chini ya kigunia, akazitwanga kwa chupa. Harufu ikatoka, ikajaza chumba, ikapita chini ya mlango ikaenda zake.

Kiboko akalia, "Nionje! Ni desturi! Lazima nionje!"

"Kwani ulimi bado haujaamua?"

Hapo Kiboko akapaza sauti, "Mama Mlezi! Mama Mlezi! Pimbi anapika bwenini!"

Ko, ko, ko, viatu vikaja. Mlezi wa bweni alikuwa Mbuni, shingo ndefu, hana mchezo. Aliwahi kumfukuza mtu bwenini kwa kuchemsha yai. Shingo ikaingia kwanza, Mbuni akafuata.

"Nani anapika?"

"Mimi, Mama Mlezi." Pimbi akaweka mwiko chini.

"Unapika nini?"

"Michembe."

Mbuni akanyoosha shingo. Akamtazama Kiboko aliyebanwa, hakumuuliza kitu. Akatazama sufuria.

"Ya karanga?"

"Ya karanga, Mama."

Mbuni akachungulia nje huku na huku, akafunga mlango taratibu. "Kupika bwenini ni marufuku," akasema. "Chumvi usizidishe."

Akageuza ndoo, akaikalia. Alipoonja kijiko cha kwanza akafumba macho. "Sijaila hii tangu nilipoolewa huku," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

Hodi! Hodi! Bweni zima lilikuwa limeinuka kwa harufu. Wakaja na vikombe, wakaja na vifuniko vya sufuria. Kila mmoja alichukua kipande, akashukuru, akasema kwao inapikwaje. Huyu kwao wanatia maziwa, yule kwao bibi yake anatia ukwaju, mwingine kwao hawaijui kabisa lakini imemkumbusha magimbi. Hakuna aliyetaja mtihani. Wote walizungumza kuhusu kwao, na wote walizungumza polepole.

Pimbi aligawa mpaka wakatosheka wakatoka, Mbuni wa mwisho. Pimbi akachungulia sufuria. Vilibaki vipande viwili. Yeye mwenyewe alikuwa hajaonja.

Akapanda juu na bakuli lake, akakaa kwenye kitanda kilichoinuka. Alikuwa ameshaandaa neno la kumcheka Kiboko, neno kali, alilitunga tangu siku ya karanga. Akainama alitupe. Akaona mashavu ya Kiboko yamelowa.

"Unalia tumbo, Mwenyekiti?"

"Silii tumbo."

"Unalia nini?"

Kiboko akageuzia macho ukutani. Halafu akasema, "Korongo. Miaka yote anatua pale uwanjani. Hajawahi kuliita jina langu. Mto wa kwetu ulikauka, dogo. Watu wetu wakatawanyika. Sina wa kunianikia kitu."

Pimbi akalimeza lile neno kali. Akatazama vipande viwili. Ilikuwa michembe ya mwisho, mpaka msimu mwingine. Alitaka kuila yote, nisiwadanganye, aliitaka kwa moyo wake wote. Akashuka. Akachukua kipande kimoja akakitia kwenye kinywa kile kikubwa.

"Onja, Mwenyekiti."

Kiboko akatafuna. Akatafuna polepole, jambo ambalo bweni lile halikuwahi kuliona.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Ulimi umeamua?"

"Umeamua."

"Unasemaje?"

"Unasema kwenu kuna mtu anakuwaza."

Pimbi akala kipande chake. Akafumba macho. Jabali likaja, la moto, chini ya tumbo lake, na mama yake pembeni, na jua. Likakaa muda wa tonge moja. Alipomeza likaondoka, na hamu ikarudi pale pale ilipokuwa. Lakini alifungua kibegi, akatoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini.

Tumbo la Kiboko lilipopungua alitoka kitandani kwa msaada wa bweni zima, puu! Na msimu uliofuata Korongo akatua uwanjani, akaita, "Pimbi! Pimbi wa majabalini!" Kisha akachakura mzigo wake, akaita tena, "Kiboko! Kiboko wa chumba cha Pimbi!"

Kiboko alishuka ngazi akaondoka na fremu ya mlango. Ilikuwa karanga, kifurushi kidogo, mama yake Pimbi alikifunga mwenyewe baada ya kupata salamu za mwanawe. Kiboko akakipeleka chumbani kwa mikono miwili. Akakaa. Akakifungua mbele ya Pimbi.

"Onja wewe kwanza, dogo."

Pimbi akachukua punje. Kacha.

"Umeonja?"

"Ulimi bado haujaamua," Pimbi akasema, akasogeza kifurushi karibu. Kacha, kacha, kacha.

Fundisho la hadithi hii, watoto wazuri, ni kwamba kupika bwenini ni marufuku, na anayevunja sheria hiyo hataonja furaha maisha yake yote.

Hadithi imekula, imeshiba, inanawa mikono. Ukoko uko chini ya sufuria. Mwenye kwao mbali na aanze kukwangua.