Zimwi la Mdomo Mtupu

Paukwa! Mbona mmenywea? Paukwaaa!

Pakawa!

Ehee, sasa ndio watu. Ila apeni kwanza. Kila mtu ashike sikio lake, aseme: "Haki ya Mungu, nikitoka hapa sijasikia kitu." Na wewe baba mtu, usijifanye mkubwa, shika! Haya ni mambo ya ndani ya watu, na wenyewe hondohondo ni majirani zetu, wanapita hapo juu kila asubuhi. Hahahaa!

Haya. Zamani hizo, bibi yake bibi hajazaliwa. Hondohondo, ndege wale, mnajua desturi yao? Mke akitaka kutaga, anaingia kwenye tundu la mti. Tundu linazibwa kwa tope, pa, pa, pa! Unabaki ufa tu. Mume analeta chakula, anakipitisha ufani. Mke anapokea, watoto wako nyuma ya mgongo wake. Baba yao hawajamwona hata unyoya!

Ukaja ukame. Mama akavunja tope, akatoka kusaidia kutafuta chakula. Akawaambia watoto, "Zibeni, mbakishe ufa. Mkae kimya. Nje kuna Zimwi." Puruuu, akaruka ng'ambo ya mlima.

Wakabaki wawili, Mbuji na mdogo wake Kitinda. Giza. Kimya. Mara, ko! ko! ko! Ufani ukaingia mdomo. Mwekundu, mkubwa, umepinda kama mundu, umebana panzi!

"Zimwi!" Mbuji akalia. "Mdomo mtupu, halina hata kichwa!"

Ufa wakauziba wote kwa tope. Mdomo ukagonga, ukagonga, ukaondoka. Ukarudi. Ukaondoka. Njaa ikawashika, matumbo yananguruma, nguruuu!

"Unasikia?" Mbuji akasema. "Limeshaingia humu humu!"

Hahahaa! Tumbo lako mwenyewe hilo, baba!

Kitinda akauliza, "Kaka, lilileta panzi. Zimwi gani linaleta kitoweo?"

"Linatunenepesha, mjinga wewe!"

"Kaka, mimi nakufa. Bora nife nimeona."

Jamani, kale katoto! Manyoya yenyewe hakana, kanatetemeka tetetete. Kakadonoa tope, kakadonoa, kakadonoa. Kakatoa jicho moja nje.

Nyuma ya mdomo kakaona kichwa. Nyuma ya kichwa, shingo. Nyuma ya shingo, mwili, mifupa mitupu!

"Kaka! Zimwi limekonda kuliko sisi!"

Zimwi likatema panzi. "Mimi baba yenu."

"Sasa siku zote mbona husemi?"

"Ningesemaje, mwanangu? Mdomo ulikuwa umejaa chakula chenu."

Haya, sikieni. Mtoto ukimfungia peke yake na neno la kutisha, zimwi ataliumba mwenyewe. Wazazi, mkitoka, waambieni watoto nani anakuja. Na nyie wadogo, tetemekeni tu, hakuna ubaya, ila chungulieni!

Ngano yangu imetua hapo. Aliyenipa ni somo yangu Mwantumu binti Kilua, yule wa pale kwenye mashine ya kusaga.